Je, nimwombee ndugu anayesemekana ametenda dhambi ya mauti?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Kaka yangu alikuwa ameokoka na alihudumu kanisani hapa Kondele, Kisumu. Miaka miwili sasa amerudi nyuma: anakunywa chang'aa, amemwacha mkewe na kwenda kukaa na mwanamke mwingine. Amekonda sana. Wazee nyumbani wanasema ni chira. Nao wenzangu katika ushirika wamenikataza kumwombea, eti ametenda dhambi ya mauti, 1 Yohana 5:16. Nikiendelea, je, namkosea Mungu?

JIBU: Bwana asifiwe sana, dada. Humkosei. Endelea kumwombea, na leo usiache.

Usome mstari huo tangu mwanzo wake: "Mtu akimwona ndugu yake anatenda dhambi isiyo ya mauti, ataomba, na Mungu atampa uzima." Agizo lililomo ni kuomba. Ndipo Yohana anaongeza kwamba iko dhambi iliyo ya mauti, na "sisemi ya kwamba ataomba kwa ajili ya hiyo." Sisemi uombe si sawa na nakukataza. Mungu alipotaka kumkataza Yeremia alimwambia waziwazi, "usiwaombee watu hawa" (Yeremia 7:16). Yohana hakuandika hivyo, na mtu asimwongezee.

Dhambi yenyewe hakuitaja kwa jina, ila waraka wake unatuonyesha njia. Anawasema watu waliotoka katika kanisa (2:19), wakakana kwamba Yesu ndiye Kristo (2:22) na kwamba amekuja katika mwili (4:2-3). Kisha anasema asiye naye Mwana hana huo uzima (5:12). Basi anayemjua Mwana na kumkataa kwa makusudi, akakaa hapo, ameukataa uzima wenyewe. Atautoa wapi kwingine? Kiyunani chasema dhambi "kuelekea" mauti. Ni jamaa ya ile kufuru ya Marko 3:28-30, ya waandishi waliosema Yesu anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Wako wanaofundisha kwamba ni kifo cha mwili, wakitaja Anania na Safira, waliokufa papo hapo kwa kusema uongo (Matendo 5). Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa mistari mitano tu nyuma Yohana anazungumzia uzima wa milele.

Jirani yako Mkatoliki akisema "dhambi ya mauti" ana maana nyingine: jambo zito, lililotendwa kwa kujua na kwa hiari kamili. Hiyo kwao husamehewa katika Kitubio, yaani kuungama mbele ya padri.

Ulevi na uzinzi si mambo madogo, na kanisa lina haki ya kumwondoa katika huduma. Lakini Daudi alizini, akaua, naye nabii Nathani akamwambia, "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa" (2 Samweli 12:13). Wenzako wamechanganya nidhamu na hukumu ya mwisho. Paulo alimtenga yule mzinzi wa Korintho ili roho yake iokoke (1 Wakorintho 5:5).

Chira ni jambo lingine kabisa: ni imani kwamba aliyevunja mwiko hudhoofika hadi afe. Ukisoma Yohana ukiwa na chira kichwani, kila anayekonda utamhesabu amekwisha kuhukumiwa. Mpeleke kaka yako hospitali apimwe kifua kikuu, sukari na virusi vya Ukimwi. Yote matatu hukondesha mtu, na yote yana dawa za kuyaponya au kuyadhibiti.

Katika maombi itaje dhambi yake kwa jina lake, kisha umwombee uzima, yaani toba, si afya peke yake. Nenda kwake peke yako kwanza (Mathayo 18:15), asubuhi kabla hajanywa. Akikataa, rudi na mmoja au wawili wanaojua kutunza siri. Kundi kubwa la maombi likimjia ghafla, ataona aibu na kujificha. Usimpe pesa mkononi, mpelekee chakula. Muulize kwa upole kama bado anamwamini Yesu. Akisema hamwamini, mwombe Mungu ampe kutubu (2 Timotheo 2:25). Akilia kwamba amepotea na hawezi kusamehewa, huo uchungu hauonekani kwa waliomkataa Mwana kwa moyo mgumu. Msomee Yohana 6:37, kisha 1 Yohana 1:9, halafu unyamaze ajibu mwenyewe.