Re: Tarehe za mafaili kwenye Dired ya Emacs

Ndugu, nimekuelewa: katika Dired, sehemu ya kihariri cha Emacs inayoorodhesha mafaili, mafaili mapya yanaonyesha saa bila mwaka, ya zamani mwaka bila saa, nawe unataka yafanane. Mpaka huo ni miezi 6, na unaowekwa na ls, amri ya kuorodhesha mafaili ambayo Dired huitegemea. Kwa hiyo tiba ni kuiagiza ls itumie muundo mmoja.

Kama unatumia Linux, weka mstari huu kwenye init.el (faili la mipangilio ya Emacs):

(setq dired-listing-switches "-al --time-style=long-iso")

Washa Emacs upya. Tarehe zitatoka hivi: 2024-03-05 14:20. Ukitaka kujaribu kwanza, ndani ya Dired bonyeza C-u (Ctrl pamoja na u) kisha s, urekebishe vigezo vya dirisha hilo tu. Usiiondoe -l, Dired haifanyi kazi bila hiyo.

Kwenye Mac, ls iliyokuja na mashine haikijui kigezo cha --time-style na utapata kosa. Sakinisha coreutils (furushi la zana za GNU, ambamo ls huitwa gls), halafu ongeza (setq insert-directory-program "gls"). Windows ni tofauti kabisa: huko Emacs hutumia ls-lisp, yaani ls iliyomo ndani ya Emacs yenyewe, basi weka ls-lisp-use-localized-time-format kuwa t, kisha panga muundo kwenye ls-lisp-format-time-list.

Najua wengi wetu tumezoea siku kwanza, na +%d-%m-%Y (siku-mwezi-mwaka) badala ya long-iso inawezekana. Mimi nakushauri ubaki na long-iso. Dired hutafuta jina la faili baada ya tarehe. Muundo isioutambua unaweza kuivuruga, hata ikakosa jina. Ikikutokea hivyo, rudisha "-al" kabla hujafuta au kuhamisha faili lolote.