Kugeuza Nyaraka za Word Kuwa Kurasa za Wavuti Bila Kuzitoa Nje ya Kompyuta Yako

Kwa miaka sita nimekuwa nikitunza tovuti ya chama cha akiba na mikopo mjini Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupokea mafaili ya Word kutoka kwa katibu: muhtasari wa mkutano mkuu, masharti ya mikopo, matangazo ya zabuni. Mwanzoni nilikuwa nikiyapakia kwenye tovuti moja inayogeuza nyaraka kuwa HTML (msimbo unaojenga kurasa za wavuti) bila malipo, nikinakili msimbo unaorudi na kuubandika kwetu. Siku moja nilikuta chini kabisa ya msimbo huo kiungo cha kampuni ya kamari ambacho mimi sikukiweka, wala katibu. Kukifuta hakukunichukua hata dakika. Kilichoninyima usingizi ni kwamba faili lile lilikuwa na majina ya wanachama waliochelewesha marejesho, majina ambayo nilikusudia kuyaondoa kabla ya kuchapisha, na tayari nakala yake kamili ilikuwa kwenye seva ya mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Lakini hata kabla ya sheria, mwanachama aliyemweleza afisa mikopo kuhusu deni lake hakuwa amekubali lisafiri namna hiyo. Tangu siku ile nimeamua kwamba faili halitoki kwenye kompyuta yangu mpaka limekuwa ukurasa uliokwisha kukaguliwa.

Njia ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa Word yenyewe, kwa kuhifadhi waraka kama ukurasa wa wavuti. Siri inalindwa, lakini msimbo unaotoka unatisha. Kila aya inabandikwa jina MsoNormal, mitindo inayoanza na mso- inajaza mwanzo wote wa faili, na kwa sababu kompyuta yetu ilidhani tunaandika Kiingereza, karibu kila neno la Kiswahili lilifungwa ndani ya tegi (alama ya msimbo) yenye jina SpellE, yaani kosa la tahajia. Nilicheka, kisha nikahuzunika kidogo: muhtasari mzima wa mkutano wetu ulikuwa umeandikishwa rasmi kuwa makosa matupu. Chaguo la ukurasa uliochujwa hupunguza takataka hizo, ila kwetu lilileta kero nyingine. Word hugeuza alama ya ng' kuwa alama iliyopinda, na faili lilihifadhiwa kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kama namba) wa windows-1252 ilhali tovuti yetu inasoma usimbaji mwingine, UTF-8. Tangazo la mkopo wa ng'ombe wa maziwa likatokea na almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza katikati ya ng'ombe.

Leo natumia pandoc, programu huria ya kugeuza nyaraka kutoka muundo mmoja hadi mwingine, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye kazi yake, amini usiamini, ni kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina dirisha lake wala vitufe. Unafungua dirisha la amri la kompyuta, pale unapoandika maagizo badala ya kubofya, unaingia kwenye folda yenye faili, na unaandika:

pandoc muhtasari.docx -o muhtasari.html --wrap=none --extract-media=picha

Kinachotoka ni aya, vichwa, orodha, majedwali na tanbihi, kwa UTF-8, bila majina ya fonti, bila rangi, bila aya tupu zilizowekwa ili kushusha maandishi. Chaguo la --wrap=none huzuia mistari isikatwekatwe, na lile la mwisho hutoa picha zilizomo na kuziweka kwenye folda ndogo; ukilisahau, ukurasa utataja picha ambazo hazipo. Ukishaipakua pandoc, kazi yote hufanyika hata kompyuta ikiwa haina intaneti.

Hata hivyo, pandoc inasoma muundo wa waraka, haisomi macho ya aliyeuandika. Katibu wetu alizoea kutengeneza kichwa kwa kukoleza maandishi na kuyapandisha hadi ukubwa wa 16, na machoni pa binadamu hicho ni kichwa kisicho na shaka. Kwa pandoc ni aya ya kawaida yenye maneno yaliyokolezwa, kwa hiyo asiyeona anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, hawezi kuruka kutoka ajenda moja hadi nyingine. Nilipoteza miezi nikisahihisha vichwa hivyo kwa mkono kwenye HTML kabla ya kugundua kwamba dawa iko upande wa pili: nilikaa na katibu mchana mmoja nikamwonyesha mitindo ya Heading 1 na Heading 2, kisha nikamtengenezea kiolezo cha muhtasari ambacho vichwa vyake vimekwisha kupangwa. Mchana ule umeniokolea kazi kuliko programu yoyote. Majedwali yenye seli zilizounganishwa bado yananisumbua, na kwa hayo sina ushauri zaidi ya kumwomba mwandishi ayarahisishe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Faili la docx kwa kweli ni kifurushi cha zip. Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, ifungue, na utaona ndani yake folda ya word/media yenye kila picha, faili la comments.xml kama kuna maoni, na docProps/core.xml lenye jina la mwandishi na la mtu wa mwisho kuhariri. Kwa kawaida pandoc huacha maoni na hukubali mabadiliko yaliyofuatiliwa (Track Changes), kwa hiyo maneno yaliyofutwa hayatokei. Picha ndizo hatari. Ukikata picha ndani ya Word, sehemu iliyokatwa huwa imefichwa tu, na pandoc hutoa picha nzima. Niliwahi kupokea taarifa ya viongozi wapya ambayo picha ya mmoja wao ilikuwa imekatwa kutoka kwenye kitambulisho cha taifa kilichoskaniwa. Kwenye Word uliona uso peke yake. Kwenye folda yangu ya picha kulikuwa na kitambulisho kizima, namba na tarehe ya kuzaliwa vikisomeka vizuri. Nilikuwa nimebakiza hatua moja tu kukiweka hadharani. Kwa hiyo sasa nafungua kila picha iliyotolewa, moja moja, na inayohitaji kukatwa naikata kwa programu ya picha na kuihifadhi upya.

Kwa anayeogopa dirisha la amri, zipo kurasa za wavuti zilizojengwa kwa mammoth.js, maktaba ya msimbo ambayo inaweza kugeuza docx ndani ya kivinjari bila kutuma chochote. Tatizo ni kwamba ukurasa unaotuma na usiotuma hufanana kwa sura, na ahadi ya faragha iliyoandikwa juu yake si ushahidi. Fungua ukurasa huo kwenye dirisha la faragha, zima intaneti, kisha upe faili. Ukurasa ukikwama, umepata jibu. Ukurasa ukifanya kazi, nakili msimbo, funga dirisha lile kabisa, ndipo uwashe intaneti, kwa sababu hakuna kinachozuia ukurasa kusubiri mtandao urudi.

Kabla ya kuchapisha, hakikisha pia kiolezo cha tovuti yako kinataja lang="sw", maneno yanayoiambia programu kwamba ukurasa ni wa Kiswahili. Chetu kilikuwa kimebaki na "en" kwa muda mrefu, na mwanachama mmoja asiyeona ndiye aliyenipigia simu kuniuliza kwa nini masharti ya mikopo yanasomwa kwa lafudhi ya Kizungu.