Kumlea mtoto wa mbwa mwitu hakumfanyi awe mbwa

Mkuu, umeuliza: ukimchukua mtoto wa mbwa mwitu akiwa bado ananyonya, ukamlea kwa chupa, si atakuwa mbwa kama hawa wa nyumbani? Hapana.

Kwanza jina linatuchanganya. Yule wa Ruaha mwenye mabaka na masikio ya duara si babu wa mbwa. Mguu wake wa mbele una vidole vinne, wa mbwa una vitano. Babu ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, na ndiye ninayemzungumzia.

Kumzoesha mnyama kunaishia kwa huyo mmoja. Watoto wake watazaliwa na woga ule ule wa porini. Kinachobadilisha damu ni nani anaachwa azae, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1959, Dmitri Belyaev, mwanasayansi wa urithi wa viumbe, alianza kulipima hilo huko Novosibirsk, Urusi, kwa mbweha wa mashamba ya manyoya, madume 30 na majike 100. Hawakufundishwa chochote. Mtoto akifikisha mwezi, mtu alimpa chakula kwa mkono huku akijaribu kumpapasa, na jaribio likarudiwa kila mwezi hadi miezi sita au saba. Mkali na mwoga hawakuzalishwa. Waliopita ni madume yasiyozidi 5 katika 100 na majike kama 20. Kufikia kizazi cha kumi, watoto 18 katika 100 walimlilia mtu na kumlamba wenyewe. Cha ishirini, 35. Woga, ambao mbweha wa kawaida huuanza wiki ya sita, kwao ulichelewa mpaka wiki ya tisa.

Tahadhari: husemwa kwamba mabaka na masikio yaliyolegea vilizaliwa na jaribio hilo. Mbweha wale walitokana na ukoo uliofugwa Kanada tangu karne ya 19, na baadhi ya alama hizo zilikuwepo tayari. Upole wenyewe ndio ushahidi.

Sasa chupa yako inakwama wapi? Mtoto wa mbwa mwitu huanza kutembea na kuchunguza akiwa na wiki mbili, haoni wala hasikii, anategemea pua tu. Wa mbwa huanza wiki ya nne, macho na masikio yakiwa wazi, kwa hiyo binadamu anaingia kirahisi kwenye orodha ya asiowaogopa. Wanaolea mbwa mwitu kwa utafiti huwachukua wakiwa na siku chache tu na kulala nao.

Hata hapo tofauti inabaki. Watafiti wa Budapest, Hungaria, waliwalea mbwa na mbwa mwitu kwa mkono, wakawafundisha kuvuta kamba ili wapate nyama, kisha kamba ikafungwa isivutike. Mbwa alivuta kidogo, akageuka kumtazama mtu usoni. Mbwa mwitu aliendelea kung'ang'ana na kamba.

Wengi hudhani mbwa mwitu alianza kugeuka mbwa kwenye majalala ya vijiji vya wakulima. Hapana, mbwa ametangulia kilimo. Pale Bonn-Oberkassel, Ujerumani, alizikwa pamoja na mwanamume na mwanamke miaka kama 14,000 iliyopita. Alikufa na miezi kama saba, na meno yake yanaonyesha aliugua vibaya alipokuwa mdogo. Asingefika umri huo bila kuuguzwa. Kilimo kilikuja baadaye na kuongeza jambo moja: jeni ya kumeng'enya wanga, ambayo mbwa mwitu anayo nakala 2, mbwa wengi wanazo kati ya 4 na 30. Ndiyo maana mbwa wako anamaliza ugali.