Kabla hujanunua filimbi ya Mary Bergin

Mpwa wangu wa Mombasa amenitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, huyu mama Mary Bergin anapuliza filimbi gani? Nataka nitafute hiyo hiyo." Bergin ni mpulizaji mashuhuri wa muziki wa asili wa Ayalandi. Swali lake mpwa wangu limenigusa, maana ndilo nililokuja nalo hapa Galway, mji wa magharibi mwa Ayalandi, miaka saba iliyopita, na mimi nililijibu kwa kutoa pesa nyingi kabla ya kuuliza. Nimeona nimjibu hapa ili na wengine mfaidike.

Ninayoizungumzia ni filimbi ya bati: bomba jembamba lenye matundu sita, urefu wa rula ya shule. Ukinunua ya kwanza, chukua ya D, yaani ile ambayo noti yake ya chini kabisa ni D. Nyimbo nyingi zinazopigwa Ayalandi kwenye vikao vya muziki wa asili, watu wakiketi pamoja baa na ala zao, ziko kwenye ufunguo wa D au G, na filimbi ya D inazimudu zote mbili. Hilo halina mjadala.

Sasa huyo mama. Albamu yake ya Feadóga Stáin ilitoka mwaka 1979, na mpaka leo ukimuuliza mpulizaji yeyote huku akutajie albamu moja ya filimbi, kuna uwezekano mkubwa akataja hiyo. Anakwenda kasi, lakini kila noti unaisikia imeanza na imekwisha, kama shanga kwenye uzi. Na filimbi anayojulikana nayo ni Generation: bomba la shaba au la nikeli, kichwa cha plastiki, bidhaa ya kiwandani kutoka Uingereza. Bei yake dukani ni kama yuro 10. Samaki na chipsi mjini hapa ni ghali kuliko hiyo.

Mimi nilipofika Galway nilikuwa nimeshaagiza filimbi iliyotengenezwa kwa mkono na fundi, nzito, inang'aa, bei yake mamia ya yuro. Nikaenda nayo baa moja kwenye kikao cha Jumanne. Sauti ilikuwa kubwa mno. Kila nikipanda juu nilimfunika mwenye fidla aliyeketi kando yangu, na nikipunguza pumzi noti zinakatika. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kona akanionyesha ya kwake. Generation, rangi ya shaba imefifia pale vidole vinapokaa, na kwenye maungio ya kichwa na bomba amezungusha utepe wa karatasi. Akaniambia alinunua nyingi sana maishani, na hii ndiyo iliyomkubali. Akanipa nijaribu. Ilihitaji pumzi kidogo tu, kama unapuliza uji usimuunguze mtoto. Usiku ule nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa jambo moja kubwa.

Lenyewe ni hili. Ukisikia bingwa fulani anapuliza Generation, usidhani ameingia dukani akachukua ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono. Vichwa vile vya plastiki havifanani. Moja inatoa sauti safi, ya pili inakwaruza, ya tatu noti za chini zinakuponyoka kila ukipuliza. Wapulizaji wazuri huchambua nyingi kabla ya kupata moja, wakiipata wanaitunza miaka. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye bomba linakueleza nusu ya habari. Kama muuzaji anakuruhusu kujaribu, ziba matundu yote sita, puliza D ya chini polepole kabisa, usikie kama inakaa bila kuyumba. Kisha panda hadi A na B za oktavo ya pili, yaani zile za juu unazozipata kwa kupuliza kwa nguvu zaidi. Kama hizo hazitoki mpaka uzipigie kelele, irudishe.

Na hata ukipata yenye kasoro, usiitupe. Kichwa cha Generation kimegandishwa kwa gundi. Kiweke peke yake kwenye maji ya moto nusu dakika hivi, kisha kishike kwa kitambaa ukizungushe taratibu mpaka kiachie. Sasa unaweza kukivuta au kukisukuma ili upatane na wenzako: ukikivuta nje sauti inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Halafu tazama chini ya njia ya hewa, ndani ya kichwa. Kuna uwazi mdogo. Wengi huujaza kwa ule ulimbo laini wa kubandikia karatasi ukutani, wakausawazisha kwa kijiti. Mimi nilifanya hivyo kwenye filimbi yangu ya tatu na mkwaruzo ulipungua sana. Usiku wa baridi ipashe moto kwanza kwenye kwapa au ndani ya koti, vinginevyo sauti yake itashuka kuliko ya wenzako na mate yataziba njia ya hewa.

Mary Bergin hayuko peke yake. Paddy Moloney, aliyekuwa kiongozi wa The Chieftains, kundi maarufu la muziki wa asili wa Ayalandi, alianzia utotoni kwenye filimbi ya senti chache aliyonunuliwa na mama yake, na mwaka 1974 yeye na mwenzake wa kundi Seán Potts walitoa albamu nzima wakaiita Tin Whistles. Micho Russell wa Doolin, kule Clare, alipuliza kwa utulivu, madoido machache, nafasi kubwa kati ya noti. Mwanafunzi amsikilize huyu kwanza. Kasi ya Bergin itamkatisha tamaa mapema.

Filimbi kubwa ya sauti nzito ni habari nyingine, na hapo fundi ana haki yake. Finbar Furey alikuwa na filimbi ya mwanzi kutoka India, ikavunjika. Mwaka 1971 Bernard Overton, Mwingereza, akamtengenezea nyingine ya alumini, na kutoka hapo ikazaliwa filimbi nzito ya D kama tunavyoijua, oktavo moja chini ya ile ya kawaida. Davy Spillane aliipuliza Overton mpaka dunia ikaizoea sauti yake. Kazi hiyo imeendelezwa na Colin Goldie huko Ujerumani, na Brian Finnegan wa kundi la Flook anapuliza za Goldie. Lakini angalia: Furey na Spillane wote ni wapigaji wa zumari za mfuko za Kiayalandi, na vidole vyao vilikwisha zoea kulala bapa juu ya matundu yaliyoachana. Mimi mikono yangu ni midogo. Nilijaribu nzito ya D kwa miezi minne, kifundo cha mkono kikauma, nikaiacha nikarudi kwenye ndogo bila majuto.

Na tusisahau kwamba bara letu limeipuliza vizuri pia. Johannesburg miaka ya 1950 Spokes Mashiyane na wenzake walichukua filimbi hizi hizi za bei ndogo wakapiga kwela, muziki wa mitaani wa Afrika Kusini, wakiiingiza mdomoni kwa mshazari mpaka sauti ikawa nene, sauti ambayo sijaisikia kwenye baa yoyote ya Galway.

Basi, mpwa wangu, usiagize chochote mtandaoni. Desemba ninakuja. Nitakuletea mbili. Ya kwanza ni Generation ya D niliyoichagua mwenyewe dukani baada ya kupuliza tisa. Ya pili ni Clarke, ya bati lililokunjwa, nyembamba kuelekea chini, na kizibo cha mti mdomoni. Robert Clarke alianza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1843. Inakula pumzi zaidi na sauti yake ina upepo ndani yake. Tutakaa barazani kwa bibi yako, upulize zote mbili, halafu utaniambia ipi inabaki kwako.