Kati ya filamu ya Little Women (hadithi ya dada wanne, kutoka kitabu cha Louisa May Alcott) ya 1994 na ya 2019, muanze na ipi?
Kwa kuwa mtatazama na watoto, anzeni na ya 1994. Inafuata miaka kwa mpangilio. Ya 2019 inarukaruka kati ya utoto na ukubwa, na wengi hupotea hapo, hasa kwa Amy, mdogo kabisa kati ya dada hao: mwigizaji wake ni yuleyule mwanzo hadi mwisho, wakati ya 1994 ilitumia wawili. Waambie waangalie rangi. Katika ya 2019, utotoni picha ni ya dhahabu, ukubwani inapoa na kuwa kama samawati.

Msilinganishe filamu nzima, mtachoka. Chukueni Amy anapochoma mswada wa dada yake Jo, kisha barafu inavunjika chini ya Amy. Someni kwanza sura ya 8 kitabuni, ndipo mtazame matoleo yote mawili. Na wadogo waandaeni mapema kuhusu Beth, dada mwingine, ambaye hufariki.