Usilipie CT ya Jumanne kabla hujaongea na daktari wa saratani wa mtoto

Dada, usilipe hiyo pesa. Umeandika kwamba mwanao wa miaka minne amemaliza tiba ya uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo ya watoto, figo ya kushoto ilitolewa, kliniki wamesema hakuna ugonjwa unaoonekana, na sasa kituo binafsi cha vipimo kinataka apigwe CT, picha ya mashine yenye mionzi, ya kifua na tumbo kila miezi mitatu "ili mama ulale usingizi", na moja wamempangia Jumanne. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi, kwenye kituo kingine kama hicho, kuhusu binti yetu aliyetibiwa Wilms kama mwanao.

Nilimuuliza bwana wa kituo hicho kama altrasaundi, ambayo haina mionzi, haitoshi. Akacheka, akasema hicho ni kipimo cha wajawazito, saratani haichezewi. Mzazi aliyetoka juzi kumuona mwanawe akinyonyoka nywele ukimwambia saratani haichezewi, atauza hata kitanda. Tukalipa, tukarudi, tukalipa tena. Kila safari mtoto anatafutwa mshipa, na mishipa yenyewe imeshachoshwa na kemo, zile dawa za saratani, kisha anadungwa dawa ya kung'arisha picha, ambayo hutolewa mwilini na figo. Na figo aliyobaki nayo ni moja! Hakuna aliyeuliza pale mapokezi, hakuna aliyeuliza ndani. Daktari wake wa saratani alipoletewa ile bahasha nene ya picha alikasirika waziwazi. Akafungua faili, akatuonyesha mpango wa ufuatiliaji alioandika mtoto alipomaliza dawa: altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua. CT haikuwemo. Yule bwana hakuwahi kuliomba hilo faili hata siku moja. Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo, maana alikuwa anauza, na sisi tulidhani anashauri.

Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu wapatao 180,000 waliopigwa CT wakiwa watoto au vijana. Kadiri mionzi ilivyojumlika mwilini, ndivyo saratani ya damu na uvimbe wa ubongo ulivyoongezeka. Kwa mtoto mmoja mmoja hatari ni ndogo, sitaki kukutisha, na CT yenye sababu ipigwe. Lakini mtoto aliyepona ana miaka mingi mbele yake, na wengine walishapewa mionzi kama tiba. Kumwongezea bure ni dhambi. Kuhusu faida, watafiti wa Marekani waliwaangalia watoto ambao Wilms iliwarudia, wakatoa matokeo 2018: waliogunduliwa kwa CT hawakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko waliogunduliwa kwa eksirei na altrasaundi.

Kwa hiyo shika hili moja: kipimo cha ufuatiliaji huandikwa na daktari wa saratani anayemjua mtoto, na kila anapoandika chenye mionzi, muulize kama swali lake haliwezi kujibiwa bila mionzi. Muulize bila woga. Wetu alijibu kila mara, tena kwa furaha.

Umeuliza kama MRI ni bora. Haina mionzi, ni sumaku, lakini mtoto wa miaka minne anatakiwa alale bila kutikisika nusu saa au zaidi ndani ya mashine yenye kelele, kwa hiyo mara nyingi analazwa kwa dawa ya usingizi. Na kwa vidoa vidogo vya mapafu haiifikii CT. Wilms hupenda kurudi mapafuni, ndiyo maana eksirei ya kifua inabaki ingawa ina mionzi kidogo. Tumboni, altrasaundi inaona vizuri kwa mtoto mdogo, inakagua na ile figo iliyobaki, haina sindano, na mtoto anaweza kupimwa huku umemshika mkono. Mtafute mpigaji aliyezoea watoto, ikiwezekana awe yuleyule kila mara, na ubebe majibu yote ya zamani ili alinganishe.

Tarehe usiruke hata moja, maana Wilms ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kesho asubuhi pigia kliniki aliyotibiwa, wasomee hiyo karatasi ya kituo. Wakisema CT wameiomba wao kwa sababu kuna kitu wamekiona, mpeleke hata kabla ya Jumanne. Wakisema hawaijui, ifute.