Mnafuta vifaili vya nukta halafu mnanililia

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya watu waliokuta sauti kwenye kompyuta za zamani, wengi wanataka ziingie kwenye Sound Designer II, yani yale mafaili ya SD2 ya kampuni ya Digidesign ambayo studio zenye Mac zilirekodia enzi hizo. Mliouliza "nisaidie haraka" bila kusema faili ni la aina gani, siwajibu.

*Shikamoo. Nilikopi SD2 za kikundi chetu cha taarab toka Mac ya studio nikaweka kwenye flashi, kwenye laptop ya Windows hakuna kinachofungua. Ni virusi? (Ngamiani, Tanga)*

Marahaba. Sio virusi, ni flashi yako, na hili swali nimeshalijibu mpaka nimechoka. SD2 ina sehemu mbili: moja ni sauti tupu, nyingine ndo imebeba maelezo kwamba sauti hii ina sampo reti ngapi (yani vipimo vingapi vya sauti kwa sekunde), biti ngapi, chaneli ngapi. Hiyo ya pili inakaa kwenye risosi foki, kitu cha Mac peke yake, flashi ya kawaida iliyofomatiwa FAT haikijui. Mac za OS X zikikopi kwenye flashi ya hivyo zinatengeneza kifaili kingine pembeni chenye jina lilelile ila kinaanza na nukta na mstari wa chini, mle ndo maelezo yamehifadhiwa, na nyie mkifika Windows mkakiona mnasema hii takataka mnafuta! Nani kawatuma?

Kama Mac bado ipo rudi ukakopi upya, na safari hii yafunge kwanza na StuffIt, programu ya kubana mafaili, hukohuko kwenye Mac, au mwambie fundi akutolee AIFF, faili la sauti lisilohitaji hiyo foki. Kama Mac imeshauzwa, sauti bado ipo, imepoteza maelezo tu. Fungua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ingiza kama data ghafi, chagua Signed 16-bit PCM, Big-endian (huo ndo mpangilio wa baiti), sampo reti 44100, na PUNGUZA VOLUMU kabla ya kubonyeza pleya maana ukikosea mpangilio wa baiti unapigwa shhhhh ya nguvu zote, spika ndogo inaweza kwenda na maji. Ukisikia muziki upo lakini mwimbaji wa kike kawa babu na wimbo umekuwa mrefu mara mbili, ni stirio umeifungua kama mono. Wimbo ukikimbia kama wana haraka ya kwenda Pangani, ni mono umeifanya stirio. Wimbo ukiwa umeshuka sauti kidogo tu, jaribu 48000. Hesabu nayo inasaidia: dakika moja ya stirio ya biti 16 kwa 44100 ni baiti 10,584,000, kwahiyo kama unaujua wimbo una dakika ngapi, gawanya ukubwa wa faili kwa dakika hizo ulinganishe, utajua mwenyewe.

*Kuna app ya simu ya kugeuza kuwa SD2?*

Tafuta kompyuta.

*Studio moja hapa Bagamoyo bado ina Mac ya OS 9 na Pro Tools ya zamani, fundi anataka SD2. Mimi nina WAV za ngoma kwenye Windows, nazigeuzaje?*

Usizigeuze wewe. Hata ukipata programu ya kukutolea SD2, njiani risosi foki itadondoka na tutarudi kwa yule wa Ngamiani. Peleka AIFF ya biti 16, 44100, ile maelezo yake yamo ndani ya faili lenyewe hayadondoki, Pro Tools, hiyo programu ya kurekodia, ikiiingiza kwenye seshen ya SD2 inaigeuza yenyewe. Angalia iwe AIFF ya kawaida sio AIFC, ile ndugu yake inayoweza kubanwa, programu za zamani nyingine zinaikataa. Jina la faili lisizidi herufi 31 pamoja na ile .aif, kwahiyo achaneni na majina kama "ngoma ya mdundiko final final mix ya mwisho kabisa". Pro Tools za wakati ule stirio wanaishika kama mafaili mawili ya mono, moja linaishia .L lingine .R, usishtuke ukiona yamekuwa mengi. Halafu muulize huyo fundi, akishamaliza kazi atakurudishia kwa aina gani? Kama ni SD2 kwenye flashi, kataa.

*Nina sauti za kompyuta ya zamani ya Amiga, mafaili ya 8SVX ya biti 8, nikizipandisha kuwa biti 16 zitakuwa na ubora wa studio?*

Hapana. Biti 8 zina nafasi ya desibeli 48 hivi kati ya sauti kubwa na kelele, ukizihamishia kwenye biti 16 unahama na kelele zako zilezile. Geuza na programu ya SoX, inaisoma 8SVX vizuri, na msiniletee mambo ya "AI imesafisha", nimesikia udi uliosafishwa hivyo, umebaki kama mlio wa simu.

*Faili langu la .mod halikubali kuingia Pro Tools.*

Sababu hiyo sio rekodi. Ndani kuna vipande vya sauti na maelekezo ya kuvipiga, kwahiyo lipige kwenye programu ya OpenMPT, litoe kama WAV, ndo uendelee. MIDI nayo sio rekodi, yenyewe ni maelekezo matupu, kabla hamjauliza.

*Disketi za Mac za mzee zimeota ukungu, nizichomeke tu kwenye kisomeo cha USB? (Raskazone)*

Usithubutu dada. Ule ukungu unakwenda kwenye kichwa cha kisomeo, ukichomeka disketi nzima baada ya hapo unaichana nayo. Huku kwetu kwa joto na chumvi ya bahari kila disketi ichungulie kwanza, sogeza kile kibati uangalie kama kuna madoa. Halafu kama ni zile za 800K, kisomeo cha USB hakizisomi kabisa hata ziwe safi, zinataka kifaa kama Greaseweazle na draivu yake. Na msitegemee albamu mle: hata ile ya 1.44MB, kwa biti 8 na 22050 mono, inabeba dakika moja na sekunde chache.

*Nikishageuza nifute za zamani?*

Hapana. Na hiyo sampuli uliyonitumia kama voisi ya WhatsApp, imeshabanwa, sisikii kitu, itume upya kama dokyumenti.